Woka si Mkokoteni: Kutembea Salama kwa Kifaa cha Magurudumu Maseno

Mazungumzo kwa wakazi wa Maseno na viunga vyake



Mazungumzo ya leo yanahusu kifaa ambacho katika nyumba nyingi kimesimama nyuma ya mlango, kimetundikiwa leso na sweta. Ni ile fremu ya kutembelea yenye magurudumu ambayo wengi huiita woka. Ilinunuliwa baada ya kiharusi, au baada ya upasuaji wa nyonga, au magoti yalipochoka. Nyanya akaitumia wiki mbili. Siku moja ikateleza karibu na mlango wa jikoni, akashikwa na hofu, akasema afadhali fimbo yake ya zamani. Tangu siku hiyo anatembea kwa kushika ukuta, na familia inaamini kwamba kifaa ndicho kibaya.

Mara nyingi kifaa hakina kosa. Hakikupimwa kimo chake, raba zimeisha, au mwenyewe alifundishwa kukitumia kwenye sakafu laini ya wodi, kisha akarudi kwenye nyumba yenye kizingiti, mawe na mteremko. Na Maseno ni mahali pa mteremko.

Kwanza ijulikane kwamba woka si za aina moja. Kuna yenye magurudumu mawili mbele na miguu miwili ya raba nyuma. Ukiegemea, ile miguu ya nyuma hukaza chini na fremu husimama. Hii humfaa mtu anayehitaji kuweka uzito mikononi. Aina ya pili ina magurudumu manne, breki za mkono kama za baiskeli, na mara nyingi kiti kidogo katikati. Hii ya pili ilibuniwa Uswidi mwaka 1978 na mwanamke aitwaye Aina Wifalk, ambaye mwenyewe aliugua polio. Ni kifaa kizuri sana kwa mtu anayechoka haraka au anayeyumba kidogo. Lakini inakimbia. Anayeiegemea kwa uzito wote itamtangulia, naye atabaki nyuma akianguka kifudifudi.

Hapa ndipo penye shida kwa familia nyingi. Mtoto aliye Marekani au Uingereza anatuma woka ya magurudumu manne kwa upendo, ina rangi nzuri na kikapu, na kila mtu anafurahi. Hakuna aliyeuliza kama mama anaweza kukaza breki kwa mikono yote miwili. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi atakaza breki moja tu, na woka itazunguka upande huo. Mtu kama huyo apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda akahitaji kifaa kingine kabisa, na zawadi ile ikamfaa jirani.

Kimo cha woka hupimwa hivi. Mtumiaji avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima ndani ya fremu, mikono ininginie. Mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Ikiwa chini mno atainama na kutazama ardhi, mgongo utauma. Ikiwa juu mno mabega yatapanda na mikono haitakuwa na nguvu. Vitobo vya miguu vihesabiwe, miguu yote iwe sawa, na vile vitufe vilie "ta" vinapoingia. Woka aliyoachiwa mtu na marehemu dada yake bado ina kimo cha marehemu. Ipimwe upya.

Kutembea kwenyewe kuna siri moja: mwili ubaki kati ya miguu ya nyuma ya woka. Usiisukume mbali mbele yako kama mkokoteni wa maji. Isogeze hatua fupi, kisha mguu dhaifu, kisha ule wenye nguvu. Macho yatazame mbele mita chache, si vidoleni. Unapogeuka, geuka kwa hatua ndogondogo pamoja na woka yenyewe; wengi huanguka wakati wa kugeuka, hasa wakiitwa kwa nyuma. Wajukuu wafundishwe kwamba dani haitwi kwa nyuma. Mtoto azunguke mbele ndipo aseme.

Viatu ni sehemu ya kifaa. Sandali za kukanyagia tu zisizo na mkanda wa nyuma, hasa zile za plastiki zilizolainika, zina hatari kuliko woka isiyo na breki.

Sasa kuketi na kuinuka, kwa maana hapo ndipo mifupa huvunjika. Anayetaka kuketi arudi nyuma polepole hadi asikie kiti kinagusa nyuma ya miguu yake. Kisha aache mshikio mmoja, ashike mkono wa kiti, halafu wa pili, ndipo ajishushe. Kuinuka ni kinyume chake: asukume kutoka kwenye kiti, asivute woka. Woka ikivutwa humjia mtu kifuani. Viti vya plastiki vya kukodisha navyo ni vyepesi, huteleza nyuma. Kijana akikanyagie miguu au akishike mzee anapoinuka.

Kwa woka yenye kiti, breki zifungwe kabla ya kukaa, zote mbili, kila mara. Nyingi hufungwa kwa kusukuma kishikio chini hadi kilie. Na kiti hicho ni cha kupumzikia woka ikiwa imesimama. Kumkalisha nyanya juu yake na kumsukuma hadi kanisani kama kiti cha magurudumu ni kumtafutia jeraha. Magurudumu yale madogo yakigonga jiwe moja, husimama ghafla, naye anaendelea.

Ardhi ya huku nayo ina mambo yake. Mawe ya Maseno hayahitaji kuelezwa kwa mwenyeji. Mvua za upande huu wa ziwa hupenda kunyesha alasiri na jioni, na udongo mwekundu ukilowa hujaa kwenye magurudumu mpaka hayazunguki. Kwa hiyo safari za mzee zipangwe asubuhi: kliniki, sokoni, kwa jirani. Woka ya kutumia nje iwe na magurudumu makubwa, ya inchi 8 hivi. Yale ya inchi 5 ni ya ndani ya nyumba. Ikirudi na matope ioshwe siku hiyo hiyo, ikaushwe, na nywele au nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli ziondolewe.

Kwenye mteremko, breki zikazwe kidogo kidogo wakati wote wa kushuka, hatua ziwe fupi, na mwili usiachwe nyuma. Msaidizi akae kando, nyuma kidogo, mkono ukiwa tayari kiunoni mwa mzee. Asimvute mkono, asishike woka. Anayevuta mkono wa mzee kwa kumhurumia humwondolea mkono mmoja wa kushikia.

Kizingiti kimoja kinavukika kwa woka nyepesi ya magurudumu mawili: ipande kwanza, kisha mguu mzima, kisha mguu dhaifu. Kushuka, woka kwanza, kisha mguu dhaifu, kisha mzima. Ngazi ni marufuku. Na kama fundi wa nyumba yuko karibu, kizingiti kirefu kibadilishwe kiwe mteremko wa simenti. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji mteremko wa sentimita 120. Simenti isilainishwe, ikwaruzwe na fagio kabla haijakauka.

Ndani ya nyumba, mikeka na vipande vya zulia viondolewe njiani, pamoja na nyaya za kuchajia simu. Hakuna mzozo hapo.

Choo ndicho kigumu. Woka nyingi zina upana wa karibu sentimita 60, na mlango wa choo cha shimo mara nyingi ni mwembamba kuliko hapo. Mzee akifika anaiacha nje, anaingia akishika bati, anachuchumaa, kisha hawezi kuinuka. Wengine hupunguza kunywa maji ili wasiende mara kwa mara, na hilo huleta kizunguzungu na maradhi mengine. Seremala anaweza kutoboa kiti imara cha mbao na kukiweka juu ya tundu, na kukaza nguzo ya kushika ukutani. Ni kazi ya siku moja. Usiku iwekwe ndoo yenye kifuniko chumbani, na taa mahali mkono unapofika bila kuinuka. Anayetumia dawa za presha akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, maana damu huchelewa kufika kichwani.

Nje ya boma kuna barabara ya Kisumu kwenda Busia, inayopita katikati ya Maseno na malori yake. Mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokujia. Ile fulana inayong'aa ya bodaboda ikifungwa mbele ya woka, dereva ataiona mapema. Kwenye matatu, mzee apande kwanza, kisha woka ikunjwe na ipakiwe. Wakati wa kushuka mambo yageuzwe: woka itangulie kutoka, ifunguliwe, ikae imara chini, ndipo mzee aachilie mlango. Makanga ana haraka, lakini akiambiwa mapema kwa upole husaidia. Bodaboda haifai kwa mtu huyu. Mtu asiyeweza kusimama bila kushika ataketije nyuma ya pikipiki yenye woka imelazwa begani mwake? Tuktuk ni bora, hata ikigharimu zaidi.

Kuhusu matanga, kwa sababu wazee hawatakosa kwenda: kamba za hema ni mtego. Familia yenye msiba ifunge vitambaa vyeupe kwenye kamba hizo, na iwaketishe wazee wenye woka mwisho wa mstari, si katikati ya viti.

Mzigo usitundikwe kwenye mishikio. Kilo mbili za omena au maharagwe upande mmoja zinatosha kuipindua. Kikapu cha mbele kibebe vitu vyepesi, au mzigo abebe mwingine.

Ajali ikitokea, mtu asinyanyuliwe kwa makwapa papo hapo. Aulizwe panapouma. Nyonga ikiuma sana, au mguu mmoja ukionekana mfupi na kidole gumba kimeelekea nje, huenda shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Asisimamishwe, asikandwe, asipelekwe kwa anayejua kuunga mifupa. Alazwe juu ya mlango au ubao na apelekwe hospitali yenye eksirei. Mfupa huo kwa kawaida huhitaji upasuaji, na kila siku ya kulala nyumbani inaongeza hatari ya vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kupunguza damu kuganda apelekwe pia, hata kama anazungumza vizuri. Asiyeumia ageuke ubavu, apige magoti, aletewe kiti kizito cha kushika. Asishike woka, itamkimbia.

Kwa wasio na kifaa: Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha, pamoja na kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Maombi ya vifaa hupokelewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na hatua ya kwanza ni kupimwa hospitalini na kusajiliwa. Uzee peke yake si ulemavu mbele ya sheria. Kinachoangaliwa ni jinsi mwili unavyoshindwa kufanya kazi. Chama cha APDK, kilichoanzishwa 1958, nacho kina tawi Kisumu. Mhamasishaji wa afya wa kijiji anaweza kuandika rufaa ya kwenda fiziotherapia, na safari hiyo ifanywe kabla ya kununua chochote.

Walio nacho wana fundi karibu. Waya wa breki ni kama wa baiskeli, na fundi wa baiskeli anaukaza kwa spana. Kuujaribu ni rahisi: funga breki, sukuma, gurudumu likizunguka, halijafungwa. Raba za miguu zina duara za michirizi chini kama soli ya kiatu. Michirizi ikifutika, au chuma kikianza kuonekana, zibadilishwe. Kuzungushia kipande cha tyubu na kufunga na waya si kubadilisha.

Waliokuja na woka zao waketi kwanza, kisha vijana wazipindue juu chini hapa mbele, raba na breki ziangaliwe moja moja kabla ya kurudi nyumbani.