Sauti Nene Isiyotoka Kwenye Spika

Kama unanisikiliza kwa redio ndogo ya betri au kwa spika ya simu, sauti yangu haikufikii yote. Kilichopotea ni ule mtetemo wa chini kabisa, ambao ndio unaoifanya iwe sauti ya mwanamume. Spika yako haiwezi kuutoa, na bado unausikia.

Ninapozungumza, nyuzi za sauti kooni mwangu hufunguka na kufunga kama mara 100 kila sekunde. Mtetemo huo hauji peke yake, bali huja na mingine ya mara 200, 300, 400 na kuendelea, yote kwa pamoja. Sasa, kuitikisa hewa mara 100 tu kwa sekunde, na kwa nguvu ya kusikika, kunataka spika pana. Spika isiyozidi mdomo wa kikombe cha kahawa hutoa mitetemo ya juu, ule wa chini ukapotea. Simu za mezani nazo zilikata karibu kila kilicho chini ya mitetemo 300. Lakini baba alipopiga, sauti yake ilikonda kidogo tu. Haikupanda ikawa ya mtoto.

Kazi hiyo inafanywa na ubongo. Unapokea 300, 400 na 500, unakuta zinapishana kwa 100, na papo hapo unakufanya usikie sauti ya 100 ambayo haimo hewani.

Ilichukua zaidi ya karne kulikubali jambo hili. Mwaka 1841, Mjerumani August Seebeck alipuliza hewa kwenye sahani yenye matundu inayozunguka, akasikia waziwazi sauti ya chini ambayo mtetemo wake ulikuwa hafifu mno. Georg Ohm, yule yule wa sheria ya umeme tuliyosoma shuleni, akampinga: sikio halisikii kisichokuwemo. Helmholtz, mwanasayansi mwenye jina kubwa, baadaye naye akasimama na Ohm. Seebeck alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1849, bila kukubaliwa. Mwaka 1938 Mholanzi Schouten aliuondoa kabisa mtetemo wa chini, na sauti nene ikabaki pale pale. Waliobaki na shaka wakadai sikio lenyewe ndilo linaloutengeneza upya. Ndipo mwaka 1954 Mmarekani Licklider akaifunika mitetemo yote ya chini kwa kelele nzito, kiasi kwamba kama mtetemo wowote ungekuwepo huko ungezama. Sauti nene ikasikika vile vile. Kwangu mimi, hilo ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote katika sayansi ya usikivu.

Ndiyo maana huniuma kupita penye kibanda na kukuta spika ndogo imefunguliwa hadi mwisho, mwenyewe akitafuta besi. Namwelewa. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson huko Marekani walipima wakaona kwamba sauti za chini zinahitaji nguvu nyingi zaidi ili zisikike sawa na za kati, kwa hiyo ukipunguza redio, besi ndiyo hutangulia kutoweka. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe. Lakini spika ndogo ukiiongeza inaongeza kile inachokiweza: sauti za juu na mkwaruzo. Zinaumiza chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Kwa kawaida zinazotangulia kufa ni za kupokea sauti za juu, ambako herufi kama s, f na sh hutofautishwa. Mtu huyo bado atasikia kwamba unazungumza, ila ukimwambia “fika” anasikia “shika”, naye atakuomba uongeze redio.

Besi ya kweli inataka spika pana, ndani ya sanduku, karibu na ukuta. Kwa hiyo redio ndogo tafadhali ipunguze kidogo. Sauti yangu nene utaendelea kuipata.