Aradi, Mji wa Jangwani, na Barua Zilizoandikwa juu ya Magae

Hotuba ya katekista mbele ya walimu na waamini, katika siku za Jubilei ya Jimbo



Nimeombwa kunena habari moja ya Maandiko itufaayo katika mwaka huu wa Jubilei. Labda wengi mnangojea nitaje Yerusalemu au Bethlehemu, maana hiyo ni miji ambayo hata mtoto wa katekisimu huijua. Lakini mimi nimechagua mji ambao msomaji huupita upesi, kama msafiri apitavyo kijiji kisicho na kisima. Jina lake Aradi.

Mji huu hutajwa mara chache sana. Kitabu cha Hesabu, katika sura ya 21, chasimulia jinsi mfalme wa Aradi, aliyekaa Negebu, alivyosikia ya kuwa Waisraeli wanakuja, akatoka kupigana nao, akawachukua baadhi yao mateka. Kitabu cha Yoshua, sura ya 12, chamhesabu mfalme wake pamoja na wafalme walioshindwa. Kisha kitabu cha Waamuzi, sura ya 1, chasema kwamba Wakeni, jamaa za mkwewe Musa, walipanda pamoja na wana wa Yuda, wakakaa katika jangwa lililo kusini ya Aradi. Hayo ni karibu yote. Hatusomi habari ya nabii aliyetoka huko, wala ya muujiza uliotendeka huko.

Mahali penyewe papo hata leo. Ni kilima kiitwacho Tel Arad, mashariki ya Beer-sheba, mwendo wa kilometa 30 hivi, na magharibi ya Bahari ya Chumvi. Ni nchi kavu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimeta 200. Zamani sana Wakanaani walijenga hapo mji wenye ukuta wa mawe, ambao urefu wake kuuzunguka mji ulikuwa kiasi cha mita 1,200. Mji huo uliachwa karibu na mwaka 2650 kabla ya Kristo, pakawa ukiwa kwa muda wa miaka zaidi ya elfu. Baadaye Waisraeli wakafanya kijiji kidogo kileleni, na wafalme wa Yuda wakajenga ngome pale pale, kila upande kiasi cha mita 50, ili kuilinda mipaka ya kusini na njia ya wasafiri. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya yule mfalme wa siku za Musa, kwa sababu katika kilima hiki hawakuona mji wa wakati ule. Wengine husema Aradi lilikuwa jina la nchi nzima. Wengine wautafuta mji wake katika kilima cha jirani. Tuwaachie hayo, tuyatazame yaliyoonekana.

Ngome hiyo ilichimbwa na Yohanan Aharoni, tangu mwaka 1962 hata 1967, naye Ruth Amiran aliuchimba ule mji wa Wakanaani ulio chini yake. Waliona jinsi watu wa ngome walivyotaabika kupata maji. Maji yalitekwa kisimani chini, yakapandishwa kilimani kwa wanyama, yakamiminwa katika mfereji uliopenya ukutani, yakaingia katika matangi yaliyochongwa mwambani. Kila tone lililonyweka humo lilikuwa limebebwa.

Tena waliona hekalu dogo ndani ya ngome. Uani palikuwa na madhabahu ya udongo na mawe yasiyochongwa, kama Torati iagizavyo katika Kutoka, sura ya 20. Na penye chumba cha ndani palikuwa na madhabahu mbili ndogo za kufukizia. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba wameyapima mabaki yaliyoganda juu yake. Juu ya ile kubwa walikuta ubani, ambao biashara ya kale iliuleta kutoka kusini ya Arabuni. Na juu ya ile ndogo, bangi. Madhabahu hizo mbili zilikutwa zimelazwa ubavu na kufunikwa udongo, kama kitu kilichozikwa kwa makusudi. Aharoni alifikiri kwamba jambo hili latokana na wafalme Hezekia na Yosia, waliotaka dhabihu zitolewe Yerusalemu peke yake. Wengine huhesabu miaka yake kwa namna nyingine.

Basi hekalu lilizikwa. Na ngome nayo ikateketea kwa moto, katika miaka ile ya mwisho ya ufalme wa Yuda, Wababeli walipoishambulia nchi hata wakauangusha Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo. Ni nini iliyobaki ituambie habari za watu wake? Ndugu zangu, ni magae.

Ninyi mwalijua gae. Mtungi ukivunjika, mama huokota kipande chake akakitumia kuchukulia makaa ya moto kwa jirani. Kisha hutupwa jalalani. Watu wa Aradi walilitumia gae badala ya karatasi, wakaandika juu yake kwa wino. Zaidi ya maandiko 80 ya Kiebrania yalipatikana kilimani pale, na mengine mengi ya Kiaramu ya wakati wa Waajemi. Liko hata gae moja lililokwaruzwa jina la Aradi mara nyingi, mfululizo, kana kwamba mtu alikuwa akizoeza mkono wake. Mwalimu yeyote aliyesahihisha kibao cha mtoto wa darasa la kwanza ataitambua kazi hiyo.

Barua nyingi zilizo mashuhuri zilipelekwa kwa mtu mmoja, Eliashibu mwana wa Eshiyahu. Mihuri mitatu yenye jina lake ilionekana pia. Yeye ndiye aliyezitunza ghala za ngome, karibu na mwaka 600 kabla ya Kristo. Mkubwa wake humwandikia awape Wakitimu mvinyo na unga. Hao walikuwa, kama wataalamu wafikirivyo, askari wa kukodiwa kutoka Kipro na visiwa vya Wayunani. Humwambia ni bathi ngapi za mvinyo, na bathi moja ni kiasi cha lita 22. Kisha humwagiza jambo moja zaidi: aandike jina la siku ile.

Barua nyingine ni ya hofu. Yaamuru watu watolewe Aradi na Kina, wapelekwe upesi Ramath-negebu, wakabidhiwe kwa Elisha mwana wa Yeremia (si Elisha nabii), ili Waedomu wasiingie huko. Na nyingine yaanza kwa kumwombea Eliashibu amani kwa Bwana, ndipo yataja mtu wa ukoo wa Kerosi, ukoo uliohesabiwa katika Ezra, sura ya 2, miongoni mwa watumishi wa hekalu. Mwisho yasema juu ya mtu fulani kwamba yu salama, yumo katika nyumba ya Bwana. Angalieni: katika jangwa lile, katika shughuli ya kupima nafaka, mtu ampa mwenziwe habari ya nyumba ya Mungu.

Liko jambo jingine la kustaajabisha. Gae moja lililoandikwa na Hananyahu kwa Eliashibu liliwekwa katika nyumba ya makumbusho, Yerusalemu, nao watu waliliona miaka mingi. Walisoma upande wa mbele. Upande wa nyuma wakadhani ni mtupu. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walitoa habari kwamba wamelipiga picha kwa mianga ambayo mingine jicho la mtu haiwezi kuiona, na nyuma yake ikatokea mistari mitatu. Ni maneno ya kuomba mvinyo, na ya kumwambia Eliashibu aandike kama ana haja ya kitu chochote. Maneno hayo yalikaa gizani miaka 2,600, nayo yalikuwapo siku zote.

Watu wa chuo kile kile, pamoja na mpelelezi wa miandiko wa polisi, wakachunguza maandiko 18 ya Aradi, ili kupambanua mkono huu na ule. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba walioyaandika hawakupungua watu 12. Na ngome yenyewe, wasema, ilikuwa na askari 20 au 30 tu. Si kwamba barua zote ziliandikwa humo ngomeni, maana nyingine zilitoka kwa wakubwa wa mahali pengine. Lakini ni dhahiri kwamba kusoma na kuandika hakukuwa kazi ya makarani wa mfalme peke yao. Kulishuka toka kwa jemadari hata kwa msaidizi wa mtunza ghala. Kwa hiyo wataalamu hao wanena kwamba kabla ya uhamisho wa Babeli walikuwapo Yuda watu wa kutosha wawezao kuandika vitabu, na watu wa kutosha wa kuvisoma. Hapo ndipo Aradi inapotugusa. Neno la Mungu liliandikwa katika taifa ambalo hata katika kituo cha mwisho, mahali maji yabebwapo juu ya punda, mtu aliweza kuisoma barua yake.

Labda mmoja wenu atasema: hizo ni habari za unga na mvinyo, zina faida gani kwa roho? Nami namjibu: askari yule alikuwa na njaa, na unga wake ulipimwa kwa haki kwa sababu hesabu iliandikwa. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata watu hupotea vivyo hivyo. Kijana ataka kufunga ndoa, cheti cha ubatizo hakipatikani, kwa maana daftari la kigango limeliwa na mchwa. Mzee aliyejua majina ya waliokata miti ya kanisa la kwanza la majani amezikwa, na majina yale yamezikwa pamoja naye. Waliokuwa wazazi wetu katika imani tutawakumbukaje katika Jubilei ijayo, kama hata katika hii tumeanza kuwasahau?

Tena nasema nanyi walimu wa vigango vya mbali. Mara nyingi nimesikia neno hili: ya nini kutaabika kuwafundisha watoto sita kusoma chini ya mwembe, mahali ambapo hata padre hufika mara moja kwa miezi mitatu? Mwalimu asemaye hivyo si mvivu. Amechoka, tena aona kwamba amesahauliwa. Lakini afikiri juu ya Aradi. Ngome ile haikuwa na watu wengi kuliko kigango chake. Yerusalemu ulikuwa na hekalu na makuhani na makarani wa mfalme. Nasi twawajua watu wa Aradi kwa majina yao kwa kuwa mtu fulani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliwafundisha herufi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, nayo si makubwa. La kwanza, kabla mwaka huu wa Jubilei haujaisha, kila kigango kifungue madaftari yake ya ubatizo, ya ndoa, na ya maziko, kinakili kurasa zilizochakaa, na nakala moja iletwe misioni ihifadhiwe. Walimu wawaendee wazee na bibi, wawaulize ni nani waliobatizwa kwanza, ni nani waliofyatua matofali, ni nani waliopika chakula cha mafundi. Wakaandike majina hayo, na siku waliyoambiwa. La pili, asiachwe mtoto wa kigango chochote bila kufundishwa kusoma kwa sababu kigango ni kidogo au ni mbali.

Vijana wenye mwandiko mzuri wajitoe leo hii kwa mapadre wao, wapewe kazi hiyo ya kunakili. Karatasi na kalamu twaweza kuzichangia sisi watu wazima. Mungu Mwenyezi aibariki kazi ya mikono yenu, na awape amani katika nyumba zenu. Amina.