Kilichotoka Mwilini Kimekwenda Wapi?

Madaktari wapya wa mifugo, leo mmehitimu. Najua pilau inasubiri, kwa hiyo nina kisa kimoja tu.

Mwaka 1973, katika jimbo la Michigan, Marekani, kiwanda kimoja kilitengeneza kirutubisho cha mifugo, NutriMaster, pamoja na FireMaster, kemikali ya kuzuia plastiki isishike moto. Mifuko ikachanganywa. Kemikali hiyo, mojawapo ya kemikali zenye bromini ziitwazo PBB, ikaliwa na ng'ombe. Mfugaji Frederic Halbert aliona ng'ombe wake wanasusa chakula na maziwa yanapungua. Alikuwa amesomea uhandisi wa kemia, na hakuchoka kutafuta maabara. Jibu lilipatikana 1974.

Sasa tazameni mwili ulivyofanya. PBB karibu haiyeyuki kabisa katika maji, basi figo haziwezi kuitoa kwa mkojo, na ini huivunja kwa shida mno. Hukaa kwenye shahamu, kama fedha kwenye kibubu. Ng'ombe akikonda, kibubu kinavunjwa na sumu inarudi kwenye damu. Anayekamuliwa huipunguza upesi kuliko dume, lakini kwa mlango upi? Mafuta ya maziwa. Kuku huitoa kwa kiini cha yai. Ndama anayenenepa ndiye mdanganyifu kuliko wote: kipimo chake hushuka kila mwezi, kumbe sumu ni karibu ileile, imetawanyika tu katika mafuta mengi zaidi. Mkiletewa karatasi ya maabara, ulizeni kwanza uzito wa mnyama.

Takriban ng'ombe 30,000 na kuku milioni 1.5 waliangamizwa. Watu walikuwa wamekwisha kunywa maziwa. Kwa binadamu, nusu ya PBB huchukua zaidi ya miaka 10 kutoka, na mama humpa sehemu yake mtoto anayenyonya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa watu.

Kesho mtaitwa zizini, mwambiwe ng'ombe wamesusa. Sisi madaktari tuna haraka sana ya bomba la sindano. Ombeni kwanza kuona gunia la chakula, mchote konzi moja, muiandikie tarehe na kuihifadhi. Na maziwa ya asubuhi hiyo yasiende kwa jirani mpaka majibu yarudi.