Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi: Wakati wa Kukata Bima ya Safari ya Meli



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hutakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima hulipiwa dola 44 za Marekani na hudumu kwa siku 92. Kwa ajili hiyo maneno "bima ya safari" yamekuwa ya kawaida kwa watu wa bandarini, wa uwanja wa ndege na wa mahotelini. Hata hivyo wengi huyachukulia kuwa ni jambo la wageni. Mazungumzo haya yanahusu upande wa pili, yaani mkaazi wa visiwani anayesafiri mwenyewe, khasa anayekwenda katika safari ya matembezi kwa meli kubwa za abiria. Suali linalojibiwa ni lile ambalo aghalabu huulizwa mwisho ilhali lingefaa kuulizwa mwanzo: bima hiyo ikatwe siku gani?

Safari za aina hii si za matajiri peke yao. Wapo wazee wanaolipiwa na watoto wao wanaofanya kazi Uingereza, Oman au Canada, na wapo watumishi waliomaliza utumishi wao ambao hutenga sehemu ya kiinua mgongo kwa safari moja ya maisha. Fedha za namna hiyo hazipatikani mara mbili. Wenye meli nao hawazirejeshi kwa huruma. Huzirejesha kwa masharti yaliyoandikwa, na masharti hayo huzidi kuwa magumu kila siku ya kuondoka inapokaribia.

Ni vyema ieleweke kwanza kwamba bima ni ahadi ya kulipa hasara ya jambo ambalo, siku mkataba unapotiwa saini, halijatokea wala halijajulikana kuwa litatokea. Jambo likishajulikana, kampuni ya bima hailibebi tena. Kwa hivyo tarehe ya kukata bima ina uzito sawa na kiasi kilichokatiwa. Mlima wa moto wa Eyjafjallajökull nchini Iceland ulipolipuka tarehe 14 Aprili 2010, anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa kwa siku kadhaa na safari za ndege karibu 100,000 zikafutwa. Aliyekata bima wiki moja kabla alikuwa na la kudai, kwa kadri mkataba wake ulivyoruhusu. Aliyekwenda kukata siku ya pili yake, majivu yakiwa yameshatanda, aliambiwa kwamba jambo hilo limekwisha kujulikana. Mwaka 2020 yalirejea hayo kwa hasara kubwa zaidi. Makampuni kadhaa ya bima yalitaja siku fulani ya mwezi wa Januari kuwa ndiyo siku ambayo ugonjwa wa UVIKO-19 ulikwisha kuwa jambo la kujulikana. Mapema Februari meli ya Diamond Princess, yenye watu 3,711, iliwekwa karantini Yokohama nchini Japani, na zaidi ya 700 miongoni mwao wakathibitika kuambukizwa. Walioona habari hiyo katika televisheni ndipo wakakumbuka bima walikuwa wameshachelewa.

Vimbunga hufuata kanuni hiyo hiyo. Kimbunga kikishapewa jina, bima mpya haikihesabu. Wakaazi wa visiwani wanakumbuka kwamba kimbunga Hidaya kilikuwa na jina siku kadhaa kabla ya kuikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024.

Tuchukue mfano. Mume na mke, wote wastaafu wa Unguja, wamewekewa nafasi mwezi wa Januari katika meli itakayoondoka Barcelona tarehe 20 Septemba. Nauli ya wawili ni dola 4,000. Arubuni ni dola 800 na hairejeshwi. Baki hulipwa siku 90 kabla ya kuondoka, yaani ifikapo tarehe 22 Juni. Mwenye kufuta baada ya hapo hupoteza nusu ya nauli, na akifuta zikiwa zimebaki chini ya siku 30 hupoteza yote. Kiwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini ngazi za namna hii ndizo za kawaida.

Sasa ikiwa mwezi wa Mei daktari anamwambia mume kwamba anahitaji kupasuliwa, hali yao itategemea siku waliyokata bima. Waliokata Januari, pamoja na arubuni, wana haki ya kudai dola 800 zao, kwa sharti kwamba maradhi hayo hayakuwapo au yalielezwa ipasavyo. Waliosubiri hadi Juni ili "walipe kila kitu kwa pamoja" hawana la kudai. Kauli ya daktari ilitangulia hati ya bima, na kuficha kauli hiyo katika fomu ni kuibatilisha hati yenyewe.

Hapa pana dhana iliyoenea kwamba kungoja ni kuweka akiba. Gharama ya bima ya safari hukadiriwa kwa umri wa msafiri, siku za safari, mahali anapokwenda na thamani ya kilicholipwa. Mara nyingi huwa kati ya asilimia 4 na 10 ya gharama ya safari, na wazee hulipa zaidi. Tarehe ya kununua kwa kawaida haipunguzi kitu. Anayengoja miezi mitano akavuka siku yake ya kuzaliwa anaweza hata kulipa zaidi. Wala halazimiki kukatia dola 4,000 mwezi wa Januari. Makampuni mengi humruhusu akatie kile alichokwisha kulipa, kisha aongeze kiasi kila anapolipa tiketi ya ndege au baki ya nauli, mradi ajulishe kwa wakati.

Kusubiri kunafaa mahali pamoja tu, nako ni pale arubuni inaporejeshwa yote. Hapo msafiri hajaweka kitu hatarini, na anaweza kutumia wiki chache kulinganisha mikataba. Lakini hata hivyo asichelewe bila ya hisabu. Katika soko la Marekani, manufaa mawili makubwa hupatikana kwa mwenye kununua ndani ya muda mfupi baada ya malipo ya kwanza, ambao aghalabu ni siku 14 hadi 21. La kwanza ni kufunikwa maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla. La pili ni haki ya kufuta safari kwa sababu yoyote ile na kurejeshewa asilimia 50 hadi 75 ya alicholipa, maadamu amefuta si chini ya siku mbili kabla ya kuondoka. Muda huo huhesabiwa tangu malipo ya kwanza hata kama ni madogo. Mwenye jamaa huko anayemkatia nafasi na amuulize mapema.

Kwa msafiri wa visiwani lipo jambo jingine ambalo vitabu vya wageni hulipita haraka, nalo ni viza. Mwenye kwenda kupanda meli Barcelona kwa pasi ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na maombi yake hutakiwa yaambatane na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, yenye kugharimia pia kurejeshwa nyumbani mgonjwa au maiti. Wengi hukata bima hiyo, wakapata viza, wakaamini kwamba jambo la bima limekwisha. Sivyo. Bima inayotosha kwa ubalozi mara nyingi ni ya matibabu tu; haigusi nauli ya meli iliyofutwa. Tena kunyimwa viza, katika mikataba mingi, si sababu ya kulipwa fidia. Kwa hivyo mpango wa busara ni kutanguliza viza mbele ya malipo makubwa. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Katika mfano wa wastaafu wetu, milango hufunguka mwezi wa Machi, na wakiomba Machi au Aprili wana nafasi nzuri ya kupata jibu kabla ya tarehe 22 Juni, wakati kilicho hatarini bado ni arubuni peke yake. Waangalie pia kama meli itatoka katika nchi za Schengen, kwa mfano ikapita Tunis au Istanbul, kisha ikarudi, kwani hapo viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Watumishi walio kazini wana jambo lao. Likizo iliyoahirishwa na mwajiri si sababu inayokubaliwa na kila kampuni. Baadhi ya mikataba, khasa ya Uingereza, humlipa askari, muuguzi au mtumishi wa Serikali ambaye likizo yake iliyokwisha kuidhinishwa imefutwa kwa dharura ya kazi. Neno lenye uzito hapo ni "iliyokwisha kuidhinishwa". Barua ya likizo na itangulie arubuni. Atakayelipa kwanza na kuomba ruhusa baadaye hatakuwa na karatasi ya kuonesha.

Kuhusu matibabu, inafaa ifahamike kuwa meli haina hospitali ya Serikali. Daktari wa meli hutoza kila huduma, na hisabu huwekwa katika akaunti ya chumba. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani kwa kawaida haimfuati mtu baharini, na hata mkaazi wa Uingereza anayetibiwa bure huko hulipa akiwa melini. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuteremshwa mgonjwa kwa helikopta au kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, jambo ambalo gharama yake inaweza kuishinda nauli mara nyingi. Sehemu hii ya bima huanza kufanya kazi siku ya kuondoka. Ndiyo sababu baadhi ya watu hudhani inatosha kuikata bandarini. Wanasahau kwamba maradhi yaliyojitokeza kati ya Januari na Septemba yatahesabiwa kuwa ni ya awali.

Kukata mapema nako hakufungui kila mlango. Mwezi wa Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe katika kisiwa cha São Tomé, na meli ikaondoka. Walizunguka nchi kadhaa za Afrika wakiifuata mpaka wakaipata Dakar. Wafanyakazi wa bandari yoyote ya kisiwa wanaijua picha hiyo ya mtu anayekimbia gatini. Mikataba mingi hulipa pale chombo cha abiria kinapochelewa, kama vile ndege. Uchelewaji wa mtu mwenyewe haulipwi. Vita navyo hutengwa mara nyingi, na hilo lilionekana makampuni ya meli yalipoepuka Bahari ya Sham tangu mwishoni mwa 2023.

Kufilisika au kujitoa kwa mwenye meli kunataka uangalifu wa peke yake. Safari ya miaka mitatu iliyotangazwa kwa jina la Life at Sea ilikuwa ianze Istanbul tarehe 1 Novemba 2023. Ilifutwa mwezi huo huo kwa kuwa meli yenyewe haikupatikana, na miongoni mwa waliolipa walikuwapo waliokwisha kuuza au kupangisha nyumba zao. Si kila bima hulipa hasara ya namna hiyo. Inayolipa hutaka iwe imekatwa kabla ya dalili kutangazwa, na bima inayouzwa na mwenye meli mwenyewe kwa kawaida haimlindi abiria na anguko la mwenye meli huyo huyo. Wapo wanaotegemea Mkataba wa Athens wa 1974, kama ulivyorekebishwa na Itifaki ya 2002. Huo huwabana wenye vyombo walipe kwa kifo, majeraha au mizigo ya abiria pale unapotumika. Safari iliyofutwa kwa maradhi ya nyumbani haumo.

Wenye shaka ya kidini kuhusu bima ya kibiashara wanaweza kuulizia takaful. Oman ina sheria yake maalumu ya takaful tangu 2016, na jamaa walioko Muscat wanaweza kuulizia huko. Kanuni ya tarehe ni ile ile.

Limebaki kosa moja dogo ambalo hufanywa na watu makini. Anayenunua bima ya mwaka mzima huulizwa ianze lini, naye huandika siku ya kuondoka ili asipoteze miezi. Kwa bima ya safari moja, ulinzi wa kufuta safari kwa kawaida huanza pale hati inapotolewa. Kwa bima ya mwaka huanza tarehe iliyoandikwa, si kabla. Mstaafu wa mfano wetu akiandika 20 Septemba, mwezi wa Mei hana bima yoyote ingawa hati iko mkononi. Na aandike tarehe ile ile ya arubuni. Hati aisome katika siku zile za mwanzo ambazo makampuni mengi huruhusu kuirejesha na kurudishiwa fedha, ambazo mara nyingi ni 10 hadi 15, na nakala yake, pamoja na nambari ya simu ya dharura ya kampuni, aiache kwa mtu wa nyumbani ambaye hasafiri.