BUNDUKI SI JEMBE

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa kijiji kimoja cha bonde la mto Matandu, Wilaya ya Kilwa

 

Leo sikuja na habari ya herufi wala ya hesabu. Nimekuja na habari ya bunduki. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Mwalimu wa chaki na bunduki, wapi na wapi?" Chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Sote tunajua kwa nini watu hutoka na bunduki jioni. Mihogo na mahindi yakikaribia kukomaa, nguruwe hawalali. Huja usiku kwa makundi. Wanafukua, wanavunja, wanakanyaga. Asubuhi mwenye shamba anakuta shimo pale palipokuwa na chakula cha watoto wake. Ndiyo maana tunajenga madungu na kukesha huko.

Tena nguruwe haji peke yake. Nyuma yake hufuata simba. Wataalamu waliochunguza jambo hili walikuta kwamba toka mwaka 1990 mpaka 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Mkoa wetu wa Lindi na jirani zetu wa Rufiji ni miongoni mwa waliopigwa sana. Wataalamu hao walisema nguruwe ndio wanaomvuta simba mashambani. Basi mtu akisema anaogopa kutembea mikono mitupu, simlaumu.

Lakini ninalotaka kusema leo ni hili. Bunduki hiyo hiyo inayotulinda shambani, inaweza kutuua njiani. Hapo nguruwe hajaonekana na hakuna anayewinda. Watu wanatembea tu na kuzungumza.

Nitawapa mfano. Katika madarasa yangu yupo mwanakisomo mmoja ambaye hukaa benchi la mbele, mguu wake wa kulia ameunyoosha. Haukunjiki. Yeye mwenyewe aliniomba nisimulie habari yake. Ila alisema nisimtaje jina, maana aliyempiga ni shemeji yake, na shemeji ni shemeji.

Siku hiyo walikuwa wawili, wanakwenda kulinda. Njia ni ile ya mguu mmoja, kila mtu nyuma ya mwenzake. Yeye alikuwa mbele amebeba maji na mkeka. Shemeji yake alikuwa nyuma na gobore. Gobore lilikuwa limeshindiliwa toka nyumbani, na fataki iko mahali pake. Alilibeba begani kama tunavyobeba jembe. Ameshika mtutu kwa mbele, na kitako kiko nyuma ya mgongo. Sasa fikirini, mdomo wa bunduki ulikuwa unatazama wapi? Ulikuwa unamtazama mtu wa mbele.

Wakapita kwenye kichaka. Kamba ya mwitu ikanasa ile nyundo inayogonga fataki. Mwenye gobore hakuona, maana nyundo ilikuwa nyuma yake. Akavuta ili apite. Nyundo ikanyanyuka, ikarudi, ikagonga. Marisaa yakaingia pajani kwa shemeji yake. Akabebwa kwenye kitanda cha kamba usiku kucha mpaka barabarani. Alipona, lakini tangu siku hiyo hajapanda mnazi, na yeye alikuwa mkwezi.

Watu walipokwenda kumpa pole walisema, "Ajali haina kinga." Ndugu zangu, msemo huo tunautumia vibaya. Tuhesabu. Kama gobore lisingekuwa na fataki, asingepigwa. Kama mtutu ungetazama juu, asingepigwa. Kama mwenye gobore angekuwa mbele, asingepigwa. Ajali hii ilikuwa na kinga tatu, na zote tatu hazikutumika. Majaaliwa ya Mungu hayatuzuii kufunga mlango usiku. Basi yasituzuie kuchunga mdomo wa bunduki.

Haya, sasa tujifunze. Gobore ni silaha ya zamani huku kwetu. Wazee wa Umatumbi waliyashika katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Hujazwa kwa mdomoni. Hutiwa baruti, hushindiliwa kwa mdeki, kisha hutiwa marisaa na kushindiliwa tena. Mwisho huwekwa fataki. Nyundo ikigonga fataki, moto mdogo huingia ndani na kuwasha baruti. Kumbe fataki ndiyo ufunguo. Bila ufunguo mlango haufunguki kwa urahisi. Basi shikeni mambo haya.

Kwanza, tembea bila fataki. Iweke ndani ya kikopo kikavu, mfukoni. Utaivisha ukishafika, ukishasimama imara, na ukishajua wenzako wote wako wapi. Ukimaliza, ivue. Pafute pale ilipokaa, maana unga kidogo ukibaki, nyundo ikigonga waweza kuwaka. Wapo wanaosema, "Simba akitokea nitachelewa." Wenye hofu hiyo watembee wengi, wawe na tochi, na waondoke kabla jua halijazama. Fataki iliyovishwa njiani humwinda rafiki yako kila hatua unayopiga.

Pili, usiiamini nyundo. Wengine huivuta nusu na kusema imekaa salama. Meno ya ndani yakilika, nyundo huchomoka. Wengine huilaza juu ya fataki. Hapo ukijikwaa tu, pigo la jiwe latosha.

Tatu, mtutu utazame juu, mbali na watu. Shika bunduki kwa mikono miwili, mbele ya kifua, mdomo ukielekea juu upande wa kushoto. Usiuelekeze chini unapotembea na gobore. Marisaa yanaweza kuteleza na kuachana na baruti, na ukipiga hivyo mtutu waweza kupasuka usoni kwako. Kidole kikae nje ya pale pa kufyatulia, mpaka wakati wa kupiga.

Nne, mwenye bunduki atangulie. Kama bunduki ni mbili, iliyoshindiliwa iwe moja tu, ile ya mbele. Nyingine ishindiliwe huko huko shambani.

Tano, penye gogo, korongo au ngazi ya dungu, simama. Hakikisha fataki haipo. Mpe mwenzako bunduki kwa mlalo, mdomo ukielekea porini pasipo mtu. Usiivute kwa kushika mdomo wake, hata siku moja. Anayevuta bunduki kwa mdomo anajivutia kifo chake mwenyewe.

Sita, usipige mlio. Majani yakitikisika usiku, waweza kuwa nguruwe, na waweza kuwa jirani aliyetoka kujisaidia. Mulika, ita, mwone mnyama mzima. Nguruwe akikimbia leo atarudi kesho. Jirani harudi.

Mwenye bunduki ya kisasa asidhani haya hayamhusu. Risasi zake zikae mfukoni, na chumba cha bunduki kiwe kitupu mpaka asimame mahali pake. Kile kizuizi cha usalama ni chuma tu, na chuma huchakaa.

Halafu kuna hatari ya nyumbani. Gobore likishashindiliwa si rahisi kulitoa mzigo wake. Kwa hiyo watu hulirudisha nyumbani limejaa, wakalisimamisha nyuma ya mlango siku tatu au nne. Baba anajua, lakini mtoto hajui. Njia bora ni kulifyatua kabla ya kuingia kijijini, kwenye udongo laini pasipo mawe wala watu, majirani wakiwa wamepewa habari. Usirudi nalo limejaa.

Hapa ndipo kisomo chenu kinapoingia. Twaeni kipande cha ubao mdogo, mkitoboe na kukitia kamba. Andikeni kwa mkaa, kwa herufi kubwa, neno moja tu: IMEJAA. Mkishindilia, tundikeni ubao huo kwenye bunduki. Mkishafyatua, uondoeni. Mwenzako akiishika bunduki shambani gizani atausoma kwa tochi. Lakini hata kama ubao haupo, kila bunduki ihesabiwe kuwa imejaa. Ubao ni wa kukumbusha, haumtoi mtu wajibu wake.

Jambo la mwisho ni sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kila mwenye bunduki awe na kibali. Gobore la kuundwa kwa fundi wa kijijini bila kibali ni kosa, hata kama unalindia shamba. Na mnyamapori hawindwi bila ruhusa. Nguruwe wakizidi, au simba akionekana, mwambieni Mtendaji wa Kijiji apeleke habari kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Andikeni barua wenyewe. Si mnajua kuandika sasa? Tajeni tarehe, shamba, na hasara iliyopatikana.

Kabla hatujaachana, nawapa kazi ya nyumbani. Leo jioni kila mmoja amsomee jirani yake mambo yale sita. Kisha amwulize: fataki iko wapi tunapotembea? Mdomo wa bunduki unatazama wapi? Nani anatangulia? Asipoweza kujibu, msomee tena.

Yule mwenzetu wa benchi la mbele bado huenda shambani na shemeji yake. Hawakugombana. Ila siku hizi shemeji hutangulia na gobore, mikono miwili kifuani, na kikopo cha fataki anakibeba yule aliyeumia. Akishafika kwenye dungu na kuketi, ndipo anakifungua.