Zabibu ya Dodoma na bei ya haki

Zabibu haisubiri. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, mkoani Dodoma, huvuna mara mbili kwa mwaka, na vichala vikishakatwa, siku chache tu zinatosha kuviharibu. Kreti zimepangwa kivulini, mnunuzi aliyefika ni mmoja, na ndiye anayetaja bei. Hapo hakuna mapatano. Mkulima anauza kwa kuhofia hasara.

Kinyume chake, biashara ya haki duniani imejengwa juu ya mambo mawili: kiwango cha bei kisichoshuka hata soko likiporomoka, na nyongeza ambayo wakulima wenyewe huamua waitumie kwa lipi, iwe darasa au kisima. Wakulima wa kahawa wa Kagera, kupitia chama kikuu cha ushirika KCU, wameuza kwa utaratibu huo kwa miaka mingi.

Dodoma haina sababu ya kungojea nembo ya biashara ya haki kutoka Ulaya. Mkataba wa bei kabla ya mavuno, mizani ya kuaminika, vyumba vya ubaridi na mitambo ya kukamua mchuzi wa zabibu chini ya vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS), hayo yamo ndani ya uwezo wetu. Anayepalilia juani ana haki ya kuwepo mezani bei inapopangwa.