Pareto Huharibikia Mikononi Mwetu



Nimekuja kuzungumza juu ya ua jeupe lenye moyo wa njano, ambalo mgeni akiliona shambani hulidhania kuwa ni pambo. Sisi wa milimani tunalijua kuwa ni ada ya shule na bati la nyumba.

Msimu uliopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Ghalani nilitia mkono ndani ya gunia, nikakuta joto. Maua mabichi yalikuwa yamepokelewa na kuchanganywa na makavu. Shehena yote ikashushwa daraja. Mama mmoja mjane, aliyekausha maua yake vema, alilipwa sawa na jirani yake mzembe. Akaniuliza, "Ndugu Mkaguzi, basi taabu yangu ilikuwa ya nini?" Sikuwa na jibu siku ile.

Tuanzie shambani. Pareto, ambayo asili yake ni Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatic, hutaka baridi ili ichanue, wala haivumilii maji yaliyotuama. Kwa hiyo vipandikizi na vipandwe juu ya matuta, sentimita 60 baina ya mistari na 30 baina ya miche. Vichukuliwe katika mashina yaliyothibitika kuzaa maua mengi. Msimu ukiisha, mabua makavu yakatwe ili machipukizi yapate nafasi. Baada ya miaka mitatu au minne shamba huchoka, hivyo lipandwe upya.

Dawa ya kuua wadudu imo hasa katika vijimbegu vilivyomo ndani ya moyo wa ua. Ua changa halijajaa dawa, na lililozeeka limekwisha kupungukiwa. Chuma petali zinapokuwa zimelala bapa na safu kadhaa za njano zimefunguka, kisha rudi baada ya wiki mbili au tatu. Usichume pamoja na bua, kwani bua ni uzito usio na dawa. Usichume penye umande, wala usishindilie maua katika mfuko wa nailoni.

Yakaushwe siku hiyo hiyo, yakitandazwa tabaka jembamba na kugeuzwa mara kwa mara. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja kavu. Asiyengoja ukavu huo anauza maji. Ua lililokauka, moyo wake hupukutika vidoleni.

Ndugu Makatibu, sehemu iliyobaki ni yenu. Pokeeni maua ya kila mwanachama peke yake, na gunia likaguliwe mpaka chini. Stakabadhi iandikwe mbele ya mwenye mali. Maua mabichi yarudishwe, hata yakiwa ya Mwenyekiti. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na mbolea na mafuta ya taa.

Najua kumrudisha jirani na mzigo wake ni jambo zito, na huenda akanuna kwa wiki nzima. Lakini anayepokelewa kwa kuonewa haya hulipiwa na wenzake. Yule mama bado ni mwanachama na bado analeta maua. Jibu lake limo katika mizani yenu.